Kalamu Mbili za Mti wa Kusukumia Chapati

Wiki jana kijana mmoja wa Ukunda alinitumia picha kwenye simu. Kipande cha mbao, kirefu kuliko kiganja kidogo tu, chekundu chenye mistari myeusi, kimewekwa juu ya kisahani cha chai. Chini yake ameandika: "Shikamoo mzee. Nimepata mbao adimu. Nitengeneze kalamu gani?"

Nilikaa na picha ile tangu adhuhuri hadi alasiri. Nikavaa miwani, nikavua. Nikamwita mke wangu aitazame, akasema yafanana na muhogo ulioungua. Mwisho nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Sijui."

Najua alitaraji zaidi. Mtu aliyefanya kazi hii mpaka mgongo ukapinda, aulizwe swali la kazi yake mwenyewe, aseme hajui! Lakini wallahi ndivyo ilivyo. Kila nikidhani nimeshika kanuni, nakumbuka siku ambayo kanuni hiyo hiyo ilinitia matatani. Basi ketini niwaeleze nilivyokosea. Huenda nyinyi mkaona mwanga pale nilipoona ukungu.

Kwa wasionijua, mimi ni mkereza. Mkereza hufunga mbao kwenye mashini inayoizungusha, akaichonga kwa patasi huku yazunguka, hadi itoke duara. Mashini hiyo ndiyo kerezo. Karakana yetu ilikuwa Ukunda, kwenye kichochoro cha nyuma ya Kona ya Musa, na mwenyewe alikuwa Fundi Mbwana, aliyenifundisha kazi. Tulianza na miguu ya vitanda. Baadaye wageni wa hoteli za Diani wakatufundisha kwamba mguu wa kitanda hauingii kwenye begi la ndege. Ndipo tukaingia kwenye kalamu.

Kalamu ya mbao si miujiza. Wanunua vyuma vyake: ncha, kishikizo cha mfukoni, pete ya katikati, na mirija myembamba ya shaba. Watoboa mbao, watia mrija kwa gundi, wakereza nje hadi mbao ilingane na vyuma, wapiga msasa, watia nta, wabana pamoja. Mbao ya kawaida ikiharibika, wachukua nyingine. Ile adimu haina nyingine.

Mbao zetu adimu zilitoka kwa Bwana Walta, mzee wa Kizungu aliyestaafu akahamia Diani, naye akikereza kwa kujifurahisha tu. Macho yalipomchoka alituletea kasha la bati lililojaa vipande vidogo vya mbao za nchi za mbali. Kila kipande kilikuwa na nambari ya wino, na kulikuwa na karatasi inayoeleza nambari hii ni mbao gani, ile ni mbao gani. Kisha akarudi kwao. Karatasi ile tuliiona ni ya thamani mno, tukaipandisha juu ya boriti isije ikapotea. Haikupotea. Ililiwa na mchwa.

Tangu siku hiyo tukawa na kasha la wageni wasio na majina. Nambari saba ilinuka kama waridi. Nambari kumi na mbili ilikuwa nzito hata ukiitia majini inazama kama jiwe. Nambari kumi na tisa sitaisahau, maana niliikereza bila kufunga kitambaa puani, na asubuhi yake uso ulikuwa umevimba hata sioni pa kutia kijiko cha uji. Nikaenda msikitini hivyo hivyo, ilikuwa Ijumaa. Kila mtu aniuliza nyuki walikuwa wapi. Nikisema ni kalamu, wanacheka. Shikeni hilo: mbao ya ugenini usiyoijua, funga pua, funika mikono, na usijifute jasho kwa kitambaa kilichoshika vumbi lake.

Kosa jingine. Nambari ishirini na mbili ilikuwa na madoadoa makubwa kama ya chui. Nikaichagulia kalamu nyembamba, ile inayovutwa katikati ikawa vipande viwili, kwa sababu nilikuwa na vyuma vyake tayari. Nikakereza, nikakereza. Nilipozima mashini niliona kijiti cha kahawia tu, hakina doa hata moja. Chui wote walikuwa sakafuni, kwenye maranda.

Fundi Mbwana akaja, akainama, akaokota maranda kiganjani.

"Kalamu yako hii hapa," akasema. "Ile uliyoshika mkononi ni fimbo ya kupigia ngoma."

Tangu hapo nikajua: doa kubwa lataka kalamu nene, mrija mmoja mzima usiokatwa katikati. Mbao yenye mistari laini iliyokaribiana ndiyo ya kalamu nyembamba. Nikaridhika kwamba kanuni nimeipata. Muda si mrefu nikapata kipande chenye madoa makubwa, nikakitilia vyuma vinene, nikaiacha kalamu juani ikauke nta. Ikapasuka kutoka ncha hadi kishikizo, mlio wake nikausikia nikiwa ndani nanywa chai. Kanuni ilikuwa sawa. Jua halikuambiwa.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Nyamvua, kwa sababu ndiyo inayonifanya niwajibu vijana "sijui".

Bi Nyamvua alikuwa mama mtu mzima wa Msambweni, mjane. Alikuja karakana asubuhi moja, akapiga hodi mlangoni na kusubiri aitikiwe ingawa mlango ulikuwa wazi. Fundi Mbwana wakati huo alikuwa amekwisha kunikabidhi karakana, yuko nyumbani kwake kwa sababu ya macho. Nikamkaribisha mama, nikampa kigoda. Akafungua ncha ya leso, akatoa kipande cha mti kilichoungua upande mmoja.

"Huu ni mti wa kusukumia chapati," akaniambia. "Au ndio uliosalia."

Mumewe alikuwa mpishi wa meli. Katika bandari moja ambayo jina lake hakuna anayelikumbuka, alinunua mti wa kusukumia wa mbao nzito nyekundu, yenye mistari myeusi, ambao ukipashwa joto na mkono unatoa harufu kama ya karafuu. Alipoacha bahari alirudi nao Msambweni, na kila Ijumaa aliingia jikoni mwenyewe, mwanamume mzima, akawasukumia binti zake chapati. Binti wawili: Mwanaisha, mkubwa, muuguzi hapo hapo Msambweni, na Rehema, mdogo, mwalimu, ameolewa Lunga Lunga.

Siku ya arobaini ya marehemu, Rehema ndiye aliyesimamia jiko. Nyumba imejaa watu, masufuria yako nje, wapishi wa kuazimwa. Mmoja wao akanyanyua mti ule akidhani ni kuni. Mama alipouona ulikuwa umeshika moto. Akauchomoa kwa mkono wake, na kovu nililiona. Mwanaisha akamwambia mdogo wake maneno mbele ya wageni, na Rehema naye akajibu. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

"Nataka kalamu mbili," Bi Nyamvua akasema. "Wote wawili huandika kila siku. Nataka kila mmoja ashike mkono wa baba yake."

Nikapima. Baada ya kuondoa palipoungua, kilikuwa kinatosha kalamu moja nyembamba, basi.

"Mama, hakitoshi," nikamwambia. "Lakini kalamu nyembamba ina nusu mbili, ya juu na ya chini. Naweza kumpa kila mmoja nusu ya mti huu, na nusu nyingine nikatia mpingo. Mpingo ni mweusi, kwa hiyo watajua baba yao anaishia wapi."

Akafikiri. "Nusu ya baba ni bora kuliko kuni," akasema. Akaniachia, akaenda zake.

Sasa tazameni jinsi mtu anavyoanguka huku akifuata mafunzo mema. Fundi Mbwana alinifundisha hivi: kabla hujatoboa mbao isiyo na badili, toboa kwanza ndugu yake. Tafuta kipande kinachofanana nacho, kikate sawasawa nacho, ukijaribie kasi ya mashini na ukali wa keekee ya kutobolea. Kikipasuka, kimepasuka cha bure. Nikafungua kasha la Bwana Walta, nikachakura, nikapata kipande chekundu chenye mistari myeusi. Nikakinusa. Karafuu. Nilifurahi kama niliyeokota lulu.

Nikavipiga msumeno vyote viwili. Cha mama nikaondoa sehemu iliyoungua, cha kasha nikaondoa upande ulioandikwa nambari, maana ulikuwa umepinda. Vikawa sawa kwa urefu, sawa kwa unene. Mbao za namna hii zina mafuta, gundi haishiki, kwa hiyo nikavifuta vyote kwa spiriti, nikaviweka juu ya gazeti vikauke. Cha mama kulia, cha kasha kushoto.

Wakaingia wageni wa hoteli, watano, na mwongozaji wao. Nikawaonyesha kerezo linavyozunguka, nikawakerezea pia moja ya kuchezea watoto, wakapiga makofi. Mmoja akauliza ile mbao nzuri nyekundu ni ya nini. Akakishika kimoja. Mwenzake akashika kingine. Wakanusa, wakabadilishana, wakapiga picha. Nami nasimama pale kifua mbele, naeleza! Walipoondoka vipande vilikuwa juu ya gazeti, vimelala kando kwa kando, na mimi sikujua tena kulia ni kulia ya nani.

Vijana, nikaanza kuvitafutia alama.

Nikavishika. Nikavipima kwa mizani ya dukani kwa jirani, mshale haukuonyesha tofauti. Nikavitia majini, vyote vikazama. Nikavikwaruza kwa wembe, nikanusa, nikaenda nje kupumua, nikarudi, nikanusa tena. Karafuu na karafuu. Nikatafuta vile vipande nilivyoondoa, kile kilichoungua na kile cha nambari, nipate kulinganisha mistari. Nilikuwa nimekwisha kuvikata vinne vinne, vikachanganyika na takataka za juma zima. Nikapiga magoti kwenye maranda hadi adhana ya alasiri. Nilipata kijipande cha mkaa. Hakikushikana vizuri na chochote, au kilishikana na vyote. Kila nikikiweka huku naona chaafikiana, nikikiweka kule naona chaafikiana zaidi.

Nikaandika kwa penseli juu ya kimoja, "moja", na juu ya kingine, "mbili", walau visizidi kuchanganyika. Ni sawa na mtu anayefunga zizi baada ya mbuzi kutoka. Kisha nikavichukua kwa Fundi Mbwana.

Alikuwa barazani, macho yake yamefunikwa na weupe. Nikamsalimia, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Alinyoosha mkono, akavishika, akavipitisha puani kimoja kimoja kama mtu achaguaye embe.

"Hiki," akasema, bila wasiwasi. "Hiki kina jikoni ndani yake."

Kilikuwa cha mbili. Nikashusha pumzi. Lakini shetani akanishika, nikataka kuhakikisha. Nikavizungusha nyuma ya mgongo, nikamrudishia.

"Hiki," akasema, vile vile bila wasiwasi. Kilikuwa cha moja.

Nikanyamaza. Yeye akasikia kunyamaza kwangu.

"Nimegeuka?"

"Umegeuka, fundi wangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakaza uso. "Basi usitafute pua nyingine. Nenda kwa mwenyewe. Na ukifika usianze na habari za hali ya hewa."

Siku tatu zilipita kabla sijaenda. Nisifiche: katika siku hizo nilifikiri kunyamaza. Nani angejua? Ningetia nusu na mpingo kama tulivyoagana, nikatumia kipande kimoja kwa kalamu zote mbili, na huenda nikawa nimepatia. Na ikiwa nimekosea? Binti wawili wangeshika mti wa Bwana Walta wakidhani wanashika mkono wa baba yao. Nikajiambia mti ni mti. Kisha nikajiambia, kama mti ni mti, mbona mama aliingiza mkono motoni? Nikawa naenda na kurudi katika hilo, hata chumvi natia kwenye chai.

Siku ya nne nikaenda Msambweni. Nilimkuta Bi Nyamvua uani akichambua mchicha. Nikafuata wosia wa Fundi Mbwana, sikuanza na hali ya hewa. Nikamweleza, nikaviweka vipande viwili juu ya ungo mbele yake.

Akavitazama. Akajifuta mikono. Akavichukua, kila mkono kimoja, akafumba macho na kuvisukuma hewani mbele na nyuma, kama aliye na kinyunya cha unga mbele yake. Nilingoja.

"Miaka yote hiyo," akasema taratibu, "mti ule nikiuosha mimi." Akavirudisha kwenye ungo. "Siujui."

"Mama, chagua tu. Utakachochagua ndicho nitakachofanya."

Akanitazama sawasawa. "Hapana, fundi. Wataka nichague ili nikikosea, kosa liwe langu. Kosa ni lako. Libebe."

Niliketi pale natazama vile vipande, aibu imenijaa, na katika kutazama ndipo nikaona jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo. Kalamu nyembamba ina nusu mbili. Kila kipande chatoa nusu mbili. Nikiondoa mpingo, nikamtilia kila binti nusu ya kipande cha moja na nusu ya kipande cha mbili, kila mmoja atakuwa na nusu ya baba yake kwa yakini, kama tulivyoagana. Ila nusu ipi, hatajua yeye, wala mimi.

Nikamweleza mama. Akachambua majani kadhaa kabla ya kujibu.

"Fanya," akasema. "Lakini mimi sitawaambia. Utakuja uwaambie wewe, kwa kinywa chako, wote wawili wakiwa wameketi."

Kazi ile niliifanya kwa mlango uliofungwa. Nilitoboa polepole, natoa keekee kila mara ipoe, kwa sababu mbao ya mafuta ikipata moto hupasuka. Kila nusu niliiandika nambari yake kwa ndani, mahali ambapo pete ingefunika. Kisha ikaja tena fikira ya kunisumbua. Nusu ya chini ndiyo ishikwayo na vidole. Ya juu hukaa tu na kishikizo. Nikitia kipande cha moja chini katika kalamu zote mbili, kile cha mbili hakitashikwa na mtu. Na kama hicho ndicho cha baba? Basi nikavibadilisha. Kalamu ya Mwanaisha: juu moja, chini mbili. Kalamu ya Rehema: juu mbili, chini moja. Nikauandika mpango huo ukutani kwa penseli, maana kichwa changu nilikuwa sikiamini tena.

Siku ya kuzipeleka, mama alikuwa amewaita wote wawili pasipo kumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Mwanaisha alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, bado amevaa sare za kazi. Rehema alikuwa mkekani karibu na ukuta wa pili. Kati yao paliwezekana kupita mkokoteni. Wote wakaniamkia, shikamoo baba, kila mmoja akitazama upande wake.

Nikasema yote. Vipande, wageni, picha, kiburi changu. Nikazitoa kalamu.

Rehema alipokea yake kwa mikono miwili, akaanza kulia bila sauti. Mwanaisha hakunyoosha mkono.

"Kwa hiyo umemchanganya baba na mtu baki," akasema.

"Ndivyo, mwanangu."

"Ungetia mpingo ningejua. Ningesema, huyu hapa baba, na huu hapa mpingo. Sasa nitashika kalamu nisijue namshika nani."

"Ndivyo," nikasema tena. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani; yote yalinitoka.

"Ulipewa amana."

"Nilipewa."

Akaitazama kalamu kwa muda. "Naichukua kwa sababu ya mama," akasema, akaitia mkobani bila kuifungua, akaaga, akaondoka. Nilirudi Ukunda sijui kama nimefanya haki au nimefanya werevu. Hata leo mambo hayo mawili hunitatiza kuyatenganisha.

Ilipita miezi kadhaa. Adhuhuri moja nikasikia hodi, nikainua kichwa: Mwanaisha. Alikuwa amekuja Ukunda kwa shughuli za kazi. Nikampa kigoda kile kile alichokalia mama yake, nikangoja lawama.

Akatoa kalamu. Ilikuwa imeanza kung'aa kwa kushikwa. Nta ya kiwandani haiwezi kutoa mng'ao ule, ni jasho la vidole tu.

"Nifungulie," akasema.

Nikaivuta katikati, zikatoka nusu mbili. Akachukua ya juu, akaifikicha kwa kidole gumba hata ikapata joto, akainusa. Akachukua ya chini, akafanya vivyo hivyo. Akarudia. Mimi nilisimama, mikono nyuma.

"Ya chini," akasema. "Baba ni ya chini."

"Umejuaje?"

"Sijui nimejuaje. Nimeandika nayo kila siku, nikasema sitaki kujua, na sasa najua." Akanirudishia niibane. "Mama ameniambia Rehema ashikilia kuwa ni ya juu. Anasema hana shaka hata kidogo." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Hata hilo hatuelewani."

Nikamkabidhi kalamu. Akanishukuru, akaenda kutafuta gari la kumrudisha nyumbani. Mimi nikarudi kwenye kerezo, nikawasha, nikazima. Kuna jambo lilinikereketa lakini sikulikamata. Nikatazama ukutani.

Penseli ilikuwa imefifia, ila ilisomeka. Mwanaisha: juu moja, chini mbili. Rehema: juu mbili, chini moja.

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwanaisha asema ni ya chini. Ya chini yake ni ya mbili. Rehema asema ni ya juu. Ya juu yake ni ya mbili. Nikahesabu tena, nikidhani nimejichanganya, maana ndiyo desturi yangu. Mbili na mbili. Walikuwa wakibishana, na kumbe wamenyoosha vidole kwenye kipande kimoja.

Sasa msiniulize kama hicho ndicho cha baba yao. Watu wawili wakibahatisha, si ajabu waangukie pamoja. Ningerusha sarafu mbili ningepata vivyo hivyo. Fundi Mbwana naye alikichagua, kisha akakikataa. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na siku nyingine nalala nikiamini, siku nyingine naamka nimeacha kuamini. Lakini siku ile sikungoja kufikiri. Nilichukua simu, vidole vina vumbi, nikampigia.

"Mwanaisha, uko wapi?"

"Nimeshapanda gari, baba. Tunatoka sasa hivi. Kuna nini?"

Nikamweleza. Mara ya kwanza hakuelewa, kwa sababu nilieleza vibaya, nikianza na ukuta na penseli. Nikamweleza tena, polepole: kalamu yako nilivyoipanga, kalamu ya mwenzako nilivyoipanga, wewe umesema nini, yeye amesema nini. Nikasikia utingo akiita abiria, nikasikia mlango ukifungwa.

"Rudia, baba," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo mimi na Rehema tumesema mamoja."

"Mmesema mamoja."

Nikamsikia akizungumza na utingo. Alikuwa akimwambia asimteremshe Msambweni, anapitiliza, anashuka mwisho, Lunga Lunga.